Hariri, Hariri chanzo au simu: uanzie wapi kuandika Wikipedia ya Kiswahili

Ukifungua makala ya Wikipedia ya Kiswahili kuhusu Rungwe, Kilolo au Makete kwenye kompyuta, juu ya ukurasa utaona vitufe viwili vinavyofuatana: Hariri na Hariri chanzo. Ukiifungua kwa simu utaona alama ya kalamu tu. Watu wengi wenye la kusema kuhusu kwao huishia hapo. Wanajua makala imekosea na wanajua lililo sahihi, ila hawajui waguse wapi, na wanaogopa kwamba wakigusa watauvuruga ukurasa mzima.

Hofu hiyo inatunyima mengi. Wikipedia ya Kiswahili ipo tangu 2003, lakini kurasa nyingi za kata, mito na milima ya Nyanda za Juu Kusini bado ni za sentensi mbili tatu. Wa kuzirefusha ni sisi tunaoishi huku, na jambo la kwanza ni kuchagua njia ya kuingilia.

Njia ni tatu. Ya kwanza ni kitufe cha Hariri, ambapo unaandika juu ya ukurasa ukiwa na sura yake ileile unayoisoma. Ya pili ni Hariri chanzo, ambapo unaona maandishi pamoja na alama zinazoupanga ukurasa. Ya tatu ni simu, kwa kivinjari au kwa programu ya Wikipedia yenyewe. Zote zinabadilisha ukurasa mmoja, na kinachohifadhiwa nyuma yake ni maandishi yaleyale yenye alama. Unachojifunza kwa njia moja utakikuta katika nyingine. Hata hivyo zinatofautiana sana katika kazi zinazozimudu na katika makosa zinayoyaficha, na hapo ndipo mtu anapaswa kutazama kabla ya kuchagua.

## Vipimo

Nimezilinganisha kwa mambo matano. Kwanza, kifaa na bando: unahitaji nini mkononi, na ukurasa unakula kiasi gani. Pili, muda wa kujifunza hadi ufanye badiliko la kwanza lenye maana. Tatu, uwezo wa kupanga ukurasa, yaani vichwa, viungo, majedwali, picha, tanbihi na jamii (makundi ya makala za mada moja, yanayoorodheshwa chini ya ukurasa). Nne, makosa ambayo njia hiyo humpitisha mgeni bila yeye kujua. Tano, wepesi wa kumfundisha mwingine, kwa sababu huku kwetu wengi watajifunza kwa kuketi na mwenzao anayejua, si kwa kusoma kurasa za msaada.

## Kazi moja ya kupimia

Ili ulinganisho uwe wa haki nimetumia kazi moja ambayo mtu yeyote wa Mbeya au Iringa anaweza kukutana nayo. Mwaka 2012 Mkoa wa Njombe ulitengwa na Iringa, ukachukua Makete, Ludewa na Wanging'ombe. Mwaka 2016 Mkoa wa Songwe ukatengwa na Mbeya, ukachukua Mbozi, Momba na Ileje, makao makuu yakiwa Vwawa. Maandishi yaliyotangulia miaka hiyo, na mengine yaliyonakiliwa kutoka humo baadaye, bado yanaweka mahali hapo katika mikoa ya zamani.

Chukua Kimondo cha Mbozi, lile jiwe la chuma la takriban tani 16 ambalo wageni wengi huenda kulitazama wakipita barabara ya Tunduma. Ukikuta sentensi isemayo kwamba kimondo hicho kiko Mkoa wa Mbeya, una kazi ya hatua tano: sahihisha neno, sahihisha kiungo kinachokwenda na neno hilo, badilisha jamii iliyo chini ya ukurasa, weka chanzo, kisha andika muhtasari wa ulichofanya. Ni kazi ndogo, lakini inagusa karibu kila kifaa ambacho mhariri anahitaji.

Kuna tahadhari moja kabla ya kuanza. Usifute neno Mbeya kila unapolikuta. Mtu aliyezaliwa Mbozi mwaka 1985 alizaliwa Mkoa wa Mbeya, na kuandika kwamba alizaliwa Songwe bila maelezo ni kuingiza kosa jipya. Andika "Mbozi, wakati huo katika Mkoa wa Mbeya", na msomaji ataelewa.

## Kitufe cha Hariri

Kifaa na bando. Njia hii inafaa zaidi kwa kompyuta au laptopu. Ukibofya, kivinjari hupakia programu ya ziada ya kuhariria kabla hujaandika herufi, na kwenye kompyuta hupakia makala yote hata kama unataka sentensi moja. Mtandao ukiwa wa kusuasua utangoja. Kompyuta za zamani zilizo katika maabara za shule nyingi zitalemewa na makala ndefu, ingawa kwa makala fupi za kata hutaona tofauti kubwa.

Kujifunza. Hapa ndipo nguvu yake ilipo. Aliyewahi kuandika barua kwenye kompyuta anaanza mara moja. Vichwa vinachaguliwa kwenye menyu, herufi nzito ni kitufe, na kiungo unakiweka kwa kuchagua maneno kisha kubonyeza Ctrl na K. Kisanduku kinachofunguka hukutafutia kurasa zilizopo, kwa hiyo unajua papo hapo kama makala ya Mto Kiwira ipo au bado haijaandikwa.

Kupanga ukurasa. Majedwali ni raha. Ukiwa na orodha ya kata na idadi ya watu kwenye programu ya majedwali ya kompyuta yako, unaweza kuinakili na kuibandika, na jedwali likatokea lenyewe. Kisanduku cha taarifa kilicho pembeni ya makala unakifungua kwa kukibofya mara mbili, ukajaza fomu bila kuona alama yoyote. Tanbihi zina kitufe chake, na ukitaka kuitumia tena tanbihi uliyokwisha kuiweka unaichagua tu kwenye orodha. Lakini kuna kurasa ambazo njia hii haifanyi kazi, zikiwemo kurasa za vigezo vyenyewe, yaani vipande vilivyotayarishwa vya kutumika katika makala nyingi.

Makosa inayoyaficha. Turudi kwenye kimondo. Umeona maneno ya buluu "Mkoa wa Mbeya". Unafuta "Mbeya", unaandika "Songwe", na kwa macho kazi imekwisha. Lakini ulichobadilisha ni maneno yanayoonekana. Kiungo kilicho chini yake kinaweza kubaki kinaelekea Mkoa wa Mbeya, na msomaji atakayebofya Songwe atajikuta Mbeya. Dawa ni kubofya kiungo hicho na kutazama kinaelekea ukurasa gani, au kukiondoa kabisa na kukiweka upya.

Kosa la pili ni la jamii. Kwenye njia hii jamii hazipo ndani ya maandishi. Zimewekwa kwenye menyu ya mistari mitatu iliyo juu ya ukurasa. Mgeni husahihisha sentensi vizuri, huweka na chanzo, kisha huondoka huku makala ikibaki imeorodheshwa chini ya Mkoa wa Mbeya pamoja na Loleza na Ziwa Ngosi. Na anayetafuta mambo ya Songwe kwa kupitia jamii hataiona makala hiyo kamwe.

Kumfundisha mwingine. Ni rahisi kuliko zote. Mtu mzima ambaye hajawahi kugusa wiki, yaani tovuti inayohaririwa na wasomaji wenyewe kama Wikipedia, anaweza kuongeza aya yenye chanzo katika kikao cha kwanza, na furaha ya kuona maneno yake kwenye ukurasa ndiyo itakayomrudisha kesho. Sioni sababu ya kumnyima furaha hiyo kwa kumtanguliza kwenye mabano.

Inawafaa walimu, waandishi, wazee wanaojua historia ya eneo na wote ambao nguvu yao iko kwenye kuandika Kiswahili kizuri kuliko kwenye alama.

## Hariri chanzo

Kifaa na bando. Kompyuta ndiyo bora, lakini hata ile dhaifu inamudu, kwa kuwa kinachofunguka ni kisanduku cha maandishi tu. Unaweza kufungua sehemu moja ya makala kwa kitufe kilicho kando ya kichwa chake na kuiacha mingine. Kwa mtu anayehesabu bando hilo si jambo dogo.

Kujifunza. Mara ya kwanza ukurasa unatisha, hasa mwanzoni mwa makala palipo na kisanduku cha taarifa kilichojaa mabano na mistari wima. Ushauri wangu ni kushuka chini hadi aya ya kawaida na kuanzia hapo. Alama za lazima ni chache kuliko zinavyoonekana. Ritifaa mbili kila upande hulaza maandishi, tatu huyafanya mazito:

`'''Kimondo cha Mbozi''' kiko katika [[Mkoa wa Songwe]].`

Mabano ya mraba mawili kila upande ni kiungo. Ukitaka maneno yanayosomwa yatofautiane na jina la ukurasa, unatenganisha kwa mstari wima: `[[Mkoa wa Songwe|Songwe]]`. Kichwa cha sehemu kinazungukwa na alama za sawasawa, `== Historia ==`, na kichwa kidogo chini yake kinaongezewa moja kila upande. Nyota mwanzoni mwa mstari ni orodha ya kawaida, alama ya reli `#` ni orodha ya namba. Chanzo kinakaa kati ya `<ref>` na `</ref>` mara tu baada ya sentensi kinayoithibitisha, na mwisho wa makala unaweka `<references />` ili tanbihi zote zijitokeze hapo. Jamii ni `[[Jamii:Mkoa wa Songwe]]`, na hukaa chini kabisa. Asubuhi moja inatosha kuzishika hizi, mazoezi ya wiki chache yanatosha kuzizoea.

Mambo mawili huwasumbua karibu wote wanaoanza, na chanzo chake ni tabia njema tuliyofundishwa shuleni. La kwanza ni kuacha nafasi mwanzoni mwa aya, kama tulivyozoea kwenye daftari. Kwenye wiki, nafasi moja tu mwanzoni mwa mstari huyatia maandishi hayo ndani ya kisanduku chenye herufi za ajabu. La pili ni kubonyeza Enter mara moja na kudhani aya imeanza. Haijaanza. Lazima uache mstari mmoja mtupu kati ya aya na aya.

Kupanga ukurasa. Hakuna kinachoshindikana. Vigezo, kurasa za kuelekeza (zinazompeleka msomaji kwenye ukurasa wenye jina jingine), majedwali yanayopangika upya kwa kubofya kichwa cha safu, picha kwa ukubwa unaoutaka, vyote vinapatikana. Jedwali ndilo kazi ngumu kuliko zote kwa mkono:

```
{| class="wikitable sortable"
! Mkoa !! Ulianzishwa
|-
| Njombe || 2012
|-
| Songwe || 2016
|}
```

Ukisahau mstari mmoja, safu zinachanganyika. Kwa jedwali refu la kata za wilaya nzima, hata wahariri wazoefu wa chanzo hufanya vizuri kuvuka kwenda kwenye Hariri kwa muda, wakalibandika jedwali huko, kisha wakarudi. Kitufe cha kubadili njia kipo palepale kwenye ukurasa wa kuhariri.

Makosa inayoyaficha. Hapa makosa mengi hayajifichi, yanapiga kelele. Ukisahau kufunga `</ref>` utaona aya zimemezwa na tanbihi au maandishi mekundu ya onyo. Ndiyo maana kitufe cha hakikisho ni rafiki yako: kibonyeze kila mara kabla ya kuchapisha. Kosa la kimyakimya ni lilelile la Hariri. Ukikuta `[[Mkoa wa Mbeya|Mbeya]]` na ukabadilisha neno lililo baada ya mstari wima peke yake, kiungo kitabaki cha zamani. Lakini unakiona kwa macho, na kazi ya kimondo yote, kuanzia neno hadi jamii, iko mbele yako kwenye kisanduku kimoja.

Kumfundisha mwingine. Inahitaji subira, na inahitaji mwanafunzi anayependa kujua vitu vinavyofanya kazi. Wanafunzi wa kompyuta wa vyuo vya Mbeya na Iringa huipenda haraka. Faida yake nyingine ni kwamba alama hizi zinatumika kwenye tovuti zote za MediaWiki, programu inayoendesha Wikipedia, kwa hiyo aliyezijua kwenye Wikipedia hatakuwa mgeni kwenye Wikamusi wala kwenye wiki ambayo chuo chake kitajiwekea.

Inawafaa wenye kompyuta dhaifu au mtandao hafifu, na wale wanaotaka kubaki kwa muda mrefu wakisafisha kurasa nyingi na kutengeneza vigezo.

## Simu

Kifaa na bando. Unayo tayari, na hiyo ni hoja nzito kuliko zote. Kivinjari cha simu hukupa kalamu kwenye kila sehemu ya makala, na unaweza kuchagua kuhariri kwa mwonekano au kwa chanzo. Programu ya Wikipedia ya Android hufungua chanzo cha sehemu uliyoigusa, ikiwa na rangi za kutofautisha alama na safu ya vitufe juu ya kibodi.

Kujifunza. Kusahihisha tahajia, tarehe au jina la kijiji ni kazi ya dakika moja. Zaidi ya hapo inategemea vidole na subira yako.

Kupanga ukurasa. Vitufe ni vichache kuliko kwenye kompyuta. Viungo na tanbihi vinawezekana, majedwali ni mateso. Unaweza kushuka mwisho wa ukurasa na kuchagua mwonekano wa kompyuta, lakini kwenye kioo kidogo utakuwa unakuza na kusogeza kila dakika. Simu inashinda njia nyingine zote kwenye picha. Ukiwa Daraja la Mungu kwenye Mto Kiwira au kwenye nguzo za udongo za Isimila, kamera iko mkononi, na picha uliyoipiga mwenyewe unaweza kuipakia Wikimedia Commons, ghala la picha linalotumiwa na Wikipedia, ukiwa bado safarini. Makala nyingi za huku hazina picha hata moja. Mtu mmoja mwenye simu nzuri na macho yanayotazama anaweza kubadilisha sura ya wilaya nzima.

Makosa inayoyaficha. Kwanza jamii tena: unapogusa kalamu ya sehemu ya kwanza, unapata sehemu hiyo tu, na jamii ziko kwenye sehemu ya mwisho. Kazi ya kimondo kwa simu ni mabadiliko mawili, la juu na la chini, na wengi hufanya la juu tu.

Pili, kibodi. Mabano ya mraba na mstari wima vimefichwa kwenye ukurasa wa pili au wa tatu wa alama, kwa hiyo tumia vitufe vya programu badala ya kuvitafuta. Kirekebisha maneno kisichojua Kiswahili kitageuza kata yako kuwa neno la lugha nyingine, kwa hiyo kizime kabla ya kuanza. Na lipo la ritifaa, ambalo kwetu ni zito. Baadhi ya kibodi, zikiwemo za iPhone, hugeuza ritifaa iliyonyooka kuwa iliyopinda. Kwa wiki hizo ni herufi mbili tofauti. Ritifaa tatu zilizopinda hazifanyi maandishi kuwa mazito, na kiungo cha Wanging'ombe, Bomalang'ombe au Ng'uruhe kilichoandikwa kwa ritifaa iliyopinda kinaweza kuwa chekundu kana kwamba ukurasa huo haujawahi kuandikwa. Mtu asiyejua sababu ataanzisha makala ya pili ya mahali palepale. Kipo kipengele kwenye mipangilio ya kibodi cha kuzima mgeuko huo. Kizime.

Kumfundisha mwingine. Kila mtu anashika chake, kwa hiyo darasa la watu wengi linawezekana hata pasipo kompyuta. Ugumu ni kwamba simu hazifanani, na vitufe vya huyu havipo alipovizoea yule. Panga watu wenye simu za aina moja wakae pamoja.

Inamfaa mwenye dakika chache kwa siku, mpiga picha na msomaji anayekutana na kosa akiwa ndani ya basi kati ya Makambako na Uyole.

## Yasiyobadilika kwa njia yoyote

Hofu ya kuharibu ukurasa iondoe kwanza. Kila toleo la kila makala linahifadhiwa kwenye historia yake, na badiliko baya linatenguliwa kwa kubofya mara chache. Kosa la kiungo au jedwali halimfungii mtu mlango, na jina lako halichafuki kwa kujifunza.

Fungua akaunti. Kwa wanaotaka kufundisha darasa zima, jueni kwamba kutoka anwani moja ya intaneti zinaruhusiwa akaunti mpya sita tu kwa siku. Darasa la wanafunzi arobaini kwenye maabara moja litakwama kwenye mwanafunzi wa saba, hivyo waambie wafungue siku kadhaa kabla, kila mmoja mahali pake. Na mtandao wa simu ukikukatalia kuhariri ukisema anwani yako imezuiwa, usijilaumu: anwani za simu hutumiwa na watu wengi kwa pamoja, na huenda mharibifu mmoja aliwazuilia wote. Jaribu kwa intaneti ya chuo au ya ofisi, au omba msaada kwa wakabidhi, yaani wasimamizi wa Wikipedia.

Muhtasari uandike kila mara, hata kwa badiliko la herufi moja. Nitatoa mfano unaoonyesha kwa nini. Sensa ya 2012 iliipa Mbeya watu 2,707,410. Ile ya 2022 iliipa 2,343,754. Ukibadilisha namba hiyo bila neno, anayelinda kurasa ataona mkoa unaokua umepungukiwa watu zaidi ya laki tatu na nusu, atadhani ni uharibifu, na atairudisha ya zamani. Ukiandika "Sensa 2022, Songwe haimo tena tangu 2016", na ukaweka chanzo, hakuna atakayeigusa. Afadhali zaidi, liweke jambo hilo kwenye makala yenyewe, kwa sababu msomaji naye atajiuliza swali hilohilo.

La mwisho ni vyanzo, na hili nalisema kwa heshima kwa wazee wetu. Huko Kalenga na vijiji vinavyoizunguka wapo watu wanaoweza kukusimulia habari za Mkwawa kama walivyozipokea kwa babu zao. Masimulizi hayo yana thamani kubwa na yanastahili kurekodiwa, lakini Wikipedia haitayapokea mpaka yachapishwe mahali ambapo msomaji wa mbali anaweza kuyahakiki. Kuhusu kifo cha Mkwawa mwaka 1898 na fuvu lililorudishwa mwaka 1954, tumia vitabu vya historia. Wala usinakili aya nzima kutoka tovuti ya halmashauri au kitabu cha mtu. Soma, elewa, andika kwa maneno yako, kisha taja ulikosoma.

## Kulingana na hali yako

Kama una simu pekee na bando la wiki, anza na simu na usione haya kwamba kazi yako ni ndogo. Chagua makala kumi za kata zilizo jirani nawe, sahihisha majina, ongeza viungo, piga picha. Jedwali liache kwa mwenye kompyuta, ila mwachie ujumbe kwenye ukurasa wa majadiliano, na umalizie kwa alama nne za mawimbi, `~~~~`, ili jina lako na tarehe vijiandike.

Kama unaandika vizuri na una kompyuta yenye mtandao wa kuaminika, ingia kwa Hariri na uandike. Jiwekee kanuni moja tu: kabla ya kuchapisha, bofya kila kiungo ulichogusa na ufungue menyu ya jamii. Wakati wa mvua, umeme unapokatika mara kwa mara na kompyuta haina betri, chapisha kila baada ya aya badala ya kungoja makala ikamilike.

Kama lengo lako ni majedwali ya kata na idadi ya watu, tumia Hariri kubandika na Hariri chanzo kusafisha. Ukilazimika kuchagua moja, chagua Hariri.

Kama unataka kuzunguka kurasa nyingi kusahihisha mikoa, vigezo na jamii, hutaepuka chanzo, kwa hiyo jifunze mapema. Anza na ukurasa wako wa mtumiaji, ambako hakuna atakayekusumbua, uandike humo vichwa, viungo na tanbihi mpaka vidole vizoee.

Kama mko kundi, klabu ya shule ya sekondari au marafiki wa chuo, msilazimishane njia moja. Mwenye simu nzuri apige picha, wawili waandike kwa Hariri, na mmoja anayependa alama apite nyuma yao kwa Hariri chanzo akikagua viungo, jamii na ritifaa. Mkianza na wilaya moja, Ileje au Kilolo kwa mfano, mkaimaliza kata kwa kata, mtaona kwenye historia ya kurasa nani anapenda kufanya nini, na kazi za wilaya inayofuata zitajigawa zenyewe.